Shukrani za Dada Boatemaa

Dada yangu Boatemaa ameshukuru mambo ambayo mtu mwenye akili timamu angeyalaani, na kila aliponyanyuka kwenda mbele ya kanisa kushukuru, mimi ndiye niliyempigia ngoma. Nalisema hili mapema ili atakayenihukumu kwa hasira zangu ajue nimevumilia mengi.

Hapa mjini kwetu Bepoase, mtu aliyepata jambo jema husubiri Jumapili. Huvaa nguo nyeupe, hukusanya watu wake, na wakati wa shukrani hutokea mlango wa nyuma wa kanisa akicheza taratibu hadi kwenye meza ya katekista, leso zikipepea, kwaya ikiimba, ndugu yake wa damu akimfuata kwa nyuma. Mtoto kazaliwa, watu wanashukuru. Mgonjwa katoka hospitali, wanashukuru. Huo ndio utaratibu na hauna matata. Matata ni ya dada yangu, ambaye hana subira ya kungoja hilo jambo jema.

Upepo ulipong'oa bati za banda lake la mikate, alishukuru. Nilipomuuliza anashukuru nini, akasema bati zimekwenda lakini tanuri limebaki. Nikasema sawa, hilo lina mantiki. Haukupita mwaka, tanuri lenyewe likapasuka katikati na kuangukia mikate ya Krismasi ya mji mzima. Tulisherehekea kuzaliwa kwa Bwana kwa viazi vikuu vya kuchemsha, watoto wananung'unika, na Jumapili huyo dada yangu kwenye mlango wa nyuma, mweupe pee.

"Sasa leo unashukuru nini?" nikamuuliza kwa meno yaliyofungwa.

"Sijui bado," akanijibu. "Lakini Mungu hakosei njia."

Mungu hakosei njia! Neno hilo nimelisikia hadi likaniingia ndotoni. Ukimwambia bei ya unga imepanda, hakosei njia. Ukimwambia ng'ombe wa jirani kala mihogo yake, hakosei njia, ingawa ng'ombe kwa hakika alikosea.

Lakini lililoniumiza mimi ni la mimba. Zilimtoka tatu, na ya tatu ilikuwa imeshaanza kucheza tumboni. Mumewe, Kwabena Adofo, fundi mwashi, mtu mpole wa mikono mikubwa, alikaa kwenye ngazi za nyumba yao siku nzima akikwangua saruji kwenye kucha zake wala hasemi na mtu. Majuma machache baadaye dada yangu akanijia: "Yaw, Jumapili utanipigia." Nilimpigia. Nilipiga mpaka ngozi ya ngoma ikachanika, na washirika wakadhani nimejazwa furaha ya Roho. Furaha gani! Siku ile nilikuwa nampigia Mungu kelele.

Basi wakaishi hivyo, wawili, hawana mtoto, na nyumba yao. Hiyo nyumba mji mzima unajua ilivyojengwa. Matofali yalikuwa ya mume, unga ulikuwa wa mke. Boatemaa akiuza mikate, Adofo ananunua saruji; mikate ikikosa wanunuzi, ukuta unasimama ulipofika na wao wanakula mikate ile. Vyumba vinne, ukumbi, na nyuma yake tanuri jipya ambalo shemeji alilijenga kwa matofali ya kuchoma, safari hii likiwa na mkanda wa chuma kiunoni. Alisema hilo halitapasuka hata dunia ipasuke. Halikupasuka. Aliyepasuka ni yeye, kwa homa iliyomkamata Jumatatu na kumzika kabla ya juma la pili.

Sasa hapa ndipo penye mwiba. Kwetu mume na mke si ukoo mmoja. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na akifa, ukoo huo ndio unaokuja kutazama alichoacha. Serikali ina sheria yake ya kumlinda mjane, najua, lakini mahakama iko mbali na kesi huzeeka kuliko wenye kesi. Mkubwa wa ukoo wa Adofo ni Mzee Gyamera, mtu wa sauti laini, anayekushika mkono kwa mikono yake miwili huku akikupekua mfukoni kwa macho. Dada yangu angekuwa na mtoto, Gyamera angeona haya. Hakuwa na mtoto.

Kwa mwaka mzima Gyamera hakusema lolote, kwa sababu mjane alikuwa katika nguo nyeusi. Mjane wa kwetu huvaa nyeusi mwaka mzima, na wakati huo mali ya marehemu haiguswi. Mwaka ukitimia, huvaa nguo nyeupe mpya, huja kanisani kushukuru, na siku hiyo ndiyo msiba unafungwa na mambo yote ya marehemu pamoja nao. Nguo hiyo hununuliwa kwa ajili ya siku hiyo tu, na haiazimwi, maana hakuna mwanamke atakayekubali kurudishiwa nguo iliyotumika kuvulia ujane. Boatemaa alishanunua yake na kuishonesha, akaikunja, akaiweka kitandani mwake ikingoja Jumapili.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo akaenda kununua unga. Aliporudi na mfuko kichwani akakuta lango lina kufuli kubwa kama ngumi. Nje ya lango wamempangia godoro la wageni, sufuria mbili na cherehani yake kuukuu, vimepangwa vizuri kabisa, kama vitu vya mnada. Mtu wa ukoo wa Gyamera alikuwa amekaa juu ya tofali akila karanga. "Mama," akamwambia, "Mzee anasema hii ndiyo zawadi yako ya kuagwa. Anakushukuru kwa utumishi wako."

Utumishi! Mwanamke kajenga nyumba kwa mikate yake, anaambiwa utumishi.

Alifika kwangu na ule mfuko bado kichwani. Mke wangu Afrakoma alikuwa anaponda mihogo ya fufu, mimi nageuza kwenye kinu.

"Yaw," dada akasema, "wamefunga nyumba."

"Nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe ni wewe!" Nikainuka na mikono yangu imejaa fufu, nikalitafuta panga. Afrakoma alikuwa ameshalikalia.

"Utakwenda na hilo panga wapi, na mikono hiyo?" akaniuliza. "Utamkata Gyamera au utamlisha? Kaa chini. Wifi, shusha mfuko huo utavunjika shingo."

Ijumaa nikaenda kwa Gyamera bila panga. Alinipokea vizuri mno. Akaniletea maji, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kwa majina.

"Mzee," nikamwambia, "fungua nyumba ya dada yangu."

"Kwani kuna ugomvi, shemeji?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada yako tumempa zawadi. Jumapili si anavua nyeusi? Nitakuwepo, nimewaalika na wazee wenzangu. Tutakaa mbele kabisa tumwone akishukuru. Si unajua dada yako anavyopenda kushukuru?" Akacheka, tena kicheko cha kweli, kimemtoka tumboni.

Hapo ndipo nilipouona mtego. Kwetu mtu akipewa kitu, kisha akashukuru mbele ya mashahidi, amekipokea. Hana tena mdomo wa kudai zaidi. Gyamera alimjua dada yangu kuliko nilivyodhani. Alihesabu kwamba mwanamke huyu aliyeshukuru kwa tanuri lililopasuka hatashindwa kushukuru kwa godoro. Atasimama mbele ya mji, na nguo nyeupe mwilini, wazee kwenye benchi la mbele, na nyumba itakuwa imekwenda kwa Amina moja.

Nikakimbilia kwa Ohemaa, mama mkuu wa mji wetu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika mambo ya wanawake na ndoa. Akasikiliza, akasema atakaa na pande zote mbili Jumanne. "Lakini Yaw," akaniambia, "dada yako akishukuru Jumapili, Jumanne mimi nitakuwa na nini cha kuamua?"

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kumzuia dada yangu asimshukuru Mungu kwa Jumapili moja. Jamani, ni jambo dogo hilo. Watu wengine hukaa miaka bila kumshukuru na hakuna anayehangaika kuwazuia.

Jumamosi nikamkuta uani kwangu anachambua maharage na Afrakoma.

"Dada, kesho huendi."

"Naenda."

"Nguo huna. Imefungiwa ndani. Soko mpaka Jumatatu, na nguo hiyo haiazimwi." Nikajikuta nafurahi kabisa. "Umeona? Mungu wako mwenyewe amekufungia nguo. Hakosei njia!"

Afrakoma akanitupia jicho. Dada yangu aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Nitakwenda na niliyovaa," akasema.

"Nyeusi? Kushukuru na nyeusi? Watakucheka mpaka vijiji vya mbali!"

"Wacheke."

Nikapandwa na mori. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu zile bati. Nikamwambia imani yake ni uvivu wa kugombana. Nikamwambia watu kama Gyamera wanaombea wake kama yeye wawe wengi. Nikamwambia maji yamezidi unga na yeye bado anakanda. Na mwisho nikamwambia, "Hata zile mimba ulishukuru! Mwanamke gani anashukuru vile? Huumii wewe? Una moyo au una tofali?"

Afrakoma akasema, "Yaw!" Lakini lilikuwa limeshatoka.

Dada yangu aliweka ungo chini. Sijawahi kumwona ananitazama vile, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

"Unadhani nashukuru kwa sababu siumii?" akasema. "Nilipokuta lile kufuli, Yaw, chuki ilikuja ikakaa hapa." Akagusa kifua. "Imeshatandika mkeka, imeshaomba maji ya kunywa. Naijua, ilikuja na kwenye mimba. Nisipokwenda kumshukuru Mungu Jumapili hii, Jumapili ijayo sitaweza hata kumtazama. Watoto nimewakosa. Kwabena nimemkosa. Nyumba hiyo wameichukua. Sasa unataka nimkose na Yeye?"

Nikapiga kelele. "Na Gyamera je? Atasema umemshukuru yeye!"

"Mimi nitasema na Mungu. Gyamera sina neno naye."

"Atasikia anavyotaka!"

"Hilo mwachie Mungu."

"Mungu hatakuwepo kwenye baraza la Jumanne!"

"Wewe ulimwona wapi hayupo?" akasema, akauchukua ungo wake.

Nikaapa mbele ya mke wangu kwamba sitapiga ngoma na sitatembea nyuma yake. Na damu yake katika mji huu ni mimi peke yangu, wengine wote tumeshawazika. "Utatembea mwenyewe," nikamwambia. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa nimechoka kuchemsha dawa.

Jumapili Gyamera alikuwa benchi la mbele na wazee wake, wamejifunga vitambaa vya thamani begani, manukato yao yanafika mpaka kwa waimbaji. Mimi nilikaa mahali pangu karibu na kwaya, ngoma yangu ya kwapani iko chini ya benchi, mikono nimeifunga kifuani. Katekista Opong akafika kwenye shukrani, akasoma: "Mama Boatemaa, mjane wa marehemu Kwabena Adofo, anamaliza mwaka wake."

Kanisa likageuka kutazama mlango wa nyuma.

Alikuwa amesimama pale na nguo nyeusi. Ile ile ya mwaka mzima, imefuliwa, imepigwa pasi, imepauka mabegani kwa jua. Hakuna leso, hakuna mtu nyuma yake. Nilisikia kanisa zima likivuta pumzi. Kwetu hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile, maana ni sawa na mtu kuja harusini amebeba jeneza.

Katekista alivua miwani. "Mama Boatemaa," akasema kwa upole, "leo si ndiyo siku ya kuvua?"

"Ndiyo, katekista. Nguo nyeupe ninayo. Iko ndani ya nyumba, na nyumba ina kufuli. Nimekuja na niliyonayo."

Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Lakini vichwa vyote vilitoka mlangoni vikahamia benchi la mbele, na Gyamera akavimba shingo. Mtu yule, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasimama.

"Haiwezekani!" akasema. "Hakuna shukrani ya nguo nyeusi! Katekista, mrudishe! Hii si shukrani, hii ni matusi!"

"Mzee, hii ni nyumba ya Bwana," katekista akasema. "Keti, tafadhali."

Akaketi. Dada yangu akaanza kutembea. Kwaya haikujua iimbe nini, ikanyamaza. Ngoma ilikuwa chini ya benchi langu. Kilichosikika ni kandambili zake tu kwenye saruji, pa, pa, pa, na mtoto mmoja anakohoa. Akafika katikati ya kanisa, usawa wa benchi alilozoea kukaa Kwabena Adofo, miguu ikagoma.

Akasimama pale. Hakulia, hakuinamisha kichwa, aliganda tu, mkono mmoja umeshika mgongo wa lile benchi. Nilimwona Afrakoma anataka kuinuka, lakini yeye si damu. Hasira niliyokuwa nayo dakika ile sikujua niiweke wapi. Namkasirikia Gyamera, namkasirikia Mungu, na zaidi ya wote namkasirikia mwanamke huyu mkaidi ambaye tangu utoto nimekuwa nikimfuata nyuma kumwokotea vitu vinavyomwanguka. Nikaishika ngoma. Nikaitia kwapani. Nikapita mbele za watu mpaka alipo.

"Tembea basi," nikamnong'oneza. "Unachelewesha ibada."

"Umekuja," akasema.

"Sijaja. Tembea."

Nikapiga. Sikuwa na mdundo wa shukrani mkononi, wala wa msiba sikuutaka, kwa hiyo nikapiga polepole tu, pigo moja kwa kila mguu wake, nikimngoja. Mguu ukinyanyuka napiga, ukikwama nasubiri. Ndivyo tulivyofika. Mezani hakuhubiri kama kawaida yake. Alisema, "Mungu, nakushukuru. Sijui kwa lipi, Wewe unajua. Amina." Akageuka, tukarudi kuketi, na katekista akakosa ukurasa mara mbili kabla ya kuendelea.

Jumanne tukakaa uani kwa Ohemaa. Gyamera alikuja na wazee wake na sauti yake laini imesharudi.

"Mama," akasema, "mbona tunasumbuana? Mjane tulimpa vyake, naye Jumapili ameshukuru mbele ya watu. Mashahidi ndio hawa."

Ohemaa ni mwanamke mzee, mwembamba, ambaye husikiliza akiwa amefumba macho hadi wageni hudhani amelala.

"Alishukuru akiwa amevaa nini?" akauliza.

Gyamera akakohoa.

"Nakuuliza, Mzee. Mimi nilikuwa naumwa miguu, sikwenda."

"Nyeusi," Gyamera akasema.

"Mjane aliyevaa nyeusi, msiba wake umekwisha?"

Gyamera akakipanga upya kitambaa chake begani.

"Na msiba usipokwisha, ukoo unagawa nini?" Akafumbua macho. "Tena nimesikia kulikuwa na mtu alisimama kanisani akapiga kelele kwamba ile si shukrani. Nani huyo?"

Wale wazee waliokuja kuwa mashahidi wakaanza kutazama kuku wa Ohemaa. Mmoja wao, Mungu ambariki, akasema, "Ni yeye mwenyewe, Mama." Nikacheka kwa sauti, Afrakoma akanifinya.

Ohemaa akatoa uamuzi. Kufuli litoke siku ile ile. Dada yangu akae katika nyumba nzima na tanuri lake maadamu yumo katika nyeusi, asiguswe na mtu. Siku atakapovua, pande mbili zitarudi mbele yake zigawane: nusu ya nyumba na tanuri ni vya mke, nusu ni ya ukoo. "Na hiyo nusu ya ukoo," akamwambia Gyamera, "utaipokea kwa kushukuru."

Tulikwenda kufungua pamoja. Njiani nilikuwa kama nimekunywa. Nilimwambia dada, umeona? Umeona ilivyo rahisi? Usivue! Nani amekupangia siku ya kuvua? Vaa nyeusi miaka kumi, vaa ishirini, ikichakaa nitakununulia nyingine, nyumba yote ni yako na Gyamera atakufa akiitazama kupitia lango. Hata nilifika mahali nikakiri kwamba lile kufuli, kwa kuifungia ile nguo nyeupe, lilituokoa, na kama alitaka kusema neno lake lile la njia, aseme tu, safari hii sitabisha.

Hakusema. Aliingia chumbani. Nguo nyeupe ilikuwa kitandani kama alivyoiacha, na chini ya kitanda viatu vya shemeji vya kazi, vina saruji mpaka leo. Akakaa kitandani, akaiweka ile nguo mapajani, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia kanisani wala kwenye kufuli. Nilisimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi.

Alipomaliza akajifuta uso kwa kiganja. "Yaw," akasema, "mwambie katekista aandike jina langu. Jumapili navua."

Nilidhani sikusikia. "Unavua? Ukivua unapoteza nusu! Hukumsikia Ohemaa?"

"Nilimsikia."

"Basi kaa na nyeusi yako! Inakugharimu nini?"

"Hii nguo ni ya kumlilia mume wangu," akasema. "Jumapili niliivaa kwa kuwa sikuwa na nyingine. Nikiivaa Jumapili ijayo, nimeigeuza kufuli. Kufuli la Gyamera limenitosha, sitaki na langu."

"Na nusu ya nyumba?"

Akanitazama. Nilijua linalokuja, nikainua mkono kulizuia, lakini nani aliwahi kulizuia.

"Mungu hakosei njia," akasema.

Nilitoka nje. Nilizunguka lile tanuri mara kadhaa nikisema na nafsi yangu maneno ambayo katekista hapaswi kuyasikia. Nusu ya nyumba! Gyamera atalala chumba cha pili, na ninamjua dada yangu, asubuhi atampelekea mkate wa moto na kumuuliza ameamkaje. Kisha nikaenda kwa katekista Opong, nikamwambia aandike jina.

Leo ni Jumamosi. Tangu asubuhi Afrakoma ananicheka, maana nimeiweka ngoma juani ikaze ngozi na kila mara natoka kuigeuza. Hasira bado ninazo, asidhani mtu zimekwisha. Kesho nitatembea nyuma yake nazo, hatua kwa hatua, na akisimama nitasimama.